Kata Pasipoonekana

Jumatatu, 4 Machi

Hali si nzuri. Tumbo la wifi limeshuka, mtoto anakuja wakati wowote. Leo mezani kaka kasema, huku akipuliza chai, kwamba chumba ninacholala mimi ndicho kitakachokuwa cha mtoto. Humo kitabaki kitanda kimoja, cha mtu atakayesaidia kulea. Nikasema mtu huyo si ndiye mimi? Kaka akakohoa. Wifi akasema dada yake yuko tayari kuja.

Dada yake! Fundi cherehani, mtu anayeongea na pini mdomoni. Eti Fundi ana uzoefu, na mimi, wifi alisema kwa upole kabisa, sijawahi kumaliza jambo hata moja. Uongo mtupu. Kozi ya upishi niliimaliza, isipokuwa mwisho wake.

Nitakwenda wapi mimi? Hapa ndipo kwetu. Na huyo ndiye mtoto wa kwanza atakayeniita shangazi.

Mkono mtupu haulambwi. Nimepata mpango: nitamshonea blanketi la viraka. Akitoka hospitali amefunikwa kazi ya mikono yangu, nani atathubutu kunihamisha? Nimeona video kwenye simu, rahisi kwa wanaoanza. Mama mmoja anatabasamu mwanzo hadi mwisho. Unakata miraba, unaiunga mistari, mistari unaiunga pamoja, pamba katikati, kitambaa nyuma. Basi! Kazi gani hiyo?

Jumanne, 5 Machi

Vitambaa sina. Nimezipitia nguo zangu zote, bado zinanifaa.

Kisha akili ikafunguka. Nyumba hii imejaa vitambaa visivyotazamwa na mtu! Pazia la kijani la wifi, pale linapojificha nyuma ya kabati. Kitambaa cha meza, upande unaogusa ukuta. Shati jeupe la kaka la shughuli, mgongoni tu, maana siku zote huvaa koti juu yake. Huu si wizi. Nakata pasipoonekana.

Nimezunguka kutwa na mkasi, sikai, situlii. Wifi akauliza nina nini leo, mbona kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema nafanya usafi. Akafurahi, maskini.

Alhamisi, 7 Machi

Yule mama wa kwenye simu ni mnafiki. Alisema kata mraba wa kadibodi uwe kipimo. Hakusema kwamba kila ukipitisha mkasi, kadibodi nayo inaliwa kidogo! Kiraka cha kwanza sawa na sahani, cha mwisho sawa na kiberiti.

Sikukata tamaa. Vikubwa nimevikunja, vidogo nimevivuta. Kimetokea kitu kilichopanda pembeni na kushuka katikati. Bakuli, kusema kweli. Nimelikalia ili linyooke. Halikunyooka, na sindano nilikuwa nimeisahau ndani. Tuyaache hayo.

Pamba nimetoa kwenye mto wa kaka. Kidogo tu. Katikati bado pana pengo, na viraka vimekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi kaja. Kaja na futi kamba, akapima kitanda. Kitanda changu! Akaniuliza, pini mdomoni, ninahama lini. Nikajichekesha, lakini ndani moyo unachemka. Akaondoka akaacha begi lake chumbani kwangu, eti la nini kulibeba na yeye anarudi kuhamia. Ama kweli, dunia hadaa!

Kaka analalamika shingo.

Lile begi lilikuwa wazi kidogo. Sawa, nililifungua kidogo. Juu kabisa palikuwa na kitambaa cha njano chenye picha za bata, kimekunjwa vizuri. Mabaki ya kushonea, nikajisemea, mafundi hawaishiwi mabaki. Nikakata mraba mmoja tu, katikati ya mkunjo, pasipoonekana. Vikatoka vinne! Nimekata kimoja nimepata vinne, na vyote vimeingia kwenye pengo. Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Asiyekuwa na bahati habahatishi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemaliza! Nilikuwa nashonea kitandani. Nilipolinyanyua blanketi, shuka nalo likaja. Nilikuwa nimeyashona pamoja, kuanzia pembe hii hadi ile. Nikataka kulia. Halafu nikakumbuka: si linahitaji kitambaa cha nyuma? Nikakata shuka kulizunguka, kazi ikaisha. Sijui kwa nini watu huhangaika na mafundi.

Lakini roho iko juu juu. Simu ya wifi ikilia naruka. Nguo zangu nimezipanga kwenye sanduku, nikazitoa, nikazirudisha, nikazitoa tena. Siendi popote mimi!

Jumapili, 10 Machi

Msichana! Kazaliwa alfajiri, mzima, na pua ya upande wetu.

Tulipofika wodini Fundi alishatangulia. Kumbe alipitia begi lake asubuhi. Akamtangazia nesi kwamba amemletea mtoto blanketi, kazi ya fundi si ya kubahatisha. Akalikung'uta. La njano. La bata. Na madirisha manne!

Nikasema jamani, nyumbani pana panya wakubwa. Kaka akauliza ni panya gani anayekata kwa kipimo.

Nikaona huu ndio wakati wangu. Nikatoa langu, nikalikunjua kwa mbwembwe zote, nikalinyanyua juu. Bata wanne, katikati kabisa, mahali pa heshima. Mama yangu! Sikuwahi kufikiria kwamba ukikata pasipoonekana ukashona panapoonekana, panaonekana.

Wifi akanyoosha kidole: pazia langu. Kidole kikasogea: kitambaa changu cha meza. Kidole kikatua kwenye weupe, kikasita. Kaka alikuwa ameshavua koti kwa joto. Nesi akamwambia baba mtoto, samahani, mgongo wako uko nje. Kaka akajipapasa nyuma, akageuka polepole, akanitazama. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtoto akalia. Nesi akasema habari za mgongo baadaye, nani ana kitu kisicho na matundu? Kilikuwepo kimoja tu. Akamlaza ndani ya langu, na lile bakuli likamshika vizuri, pembe zikajifunga zenyewe. Akanyamaza. Wifi akaangua kicheko hadi nesi akamkataza, kisha akacheka nesi mwenyewe. Mtoto alishika uzi wangu mmoja uliolegea, hakuuachia. Mimi nililia. Sikulia kwa aibu, ingawa aibu ilikuwepo tele.

Jumanne, 12 Machi

Hukumu imetoka. Fundi kaapa halali nyumba moja na mkasi wangu. Amechukua begi lake na madirisha yake, amerudi kwake.

Nabaki! Kitanda ni changu! Wifi kasema mtoto halali vizuri ila humo ndani ya bakuli lake, na bakuli linatatuka kila siku, kwa hiyo mwenye kulishona lazima awe karibu. Kaka hakucheka. Katoa masharti: kila tundu nililokata nitaliziba kwa mkono wangu, nikianza na shati lake, na mkasi ameufungia kabatini, ufunguo anatembea nao. Nimekubali kwa machozi. Nimeapa kwamba nimebadilika. Na ni kweli, najisikia mtu mpya kabisa.

Ila tundu halizibwi kwa hewa. Linataka kitambaa, na kitambaa sina.

Mchana huu, wifi na mtoto wamelala, nimelisogeza kochi kidogo kutoka ukutani. Mgongoni lina kitambaa kizima, kizuri, cha kahawia. Nani hutazama nyuma ya kochi? Mkasi wa kucha hakuutaja. Shati ni jeupe, najua, lakini kaka si huvaa koti?