Chuma Kwenye Tofi

Jumapili, 25 Oktoba

Mkutano wa mtaa. Aibu tupu. Roberta Kinsey, jirani wa mkabala, kasimama na kipande chake cha keki ya boga na kupendekeza kikosi cha sungusungu cha mtaa wetu wa Maple Court kivunjwe. Eti miaka kumi na moja hakijakamata mtu. Nikamwuliza, sasa hiyo si ndiyo dalili kwamba kinafanya kazi? Watu wakacheka. Kura ni Jumapili ijayo. Nikishindwa, lile bango letu la jicho kubwa la kutisha wezi kwenye nguzo ya kona litang'olewa, na mahali pake litawekwa pipa la maua.

Mwenyekiti wa sungusungu ni mimi. Mwanachama pia ni mimi. Tangu nistaafu kiwandani, hicho ndicho cheo pekee nilicho nacho duniani. Nimeumia, nakiri.

Nikamweleza mke wangu, Lorna. Alikuwa anatazama kipindi chake, cha mume aliyemkata mkewe vipande na kumpanga kwenye friza. Lorna hapati usingizi bila maiti wawili watatu. Akanijibu bila kugeuza shingo kwamba nipumzike, Ohio hapa hakuna baya lolote.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimepata! Mtangazaji wa habari kauliza: je, kuna kitu jikoni kwako kinachoweza kukuua leo? Jibu baada ya matangazo. Nikangoja matangazo yote, roho juu, mkojo umenibana. Kumbe ni sponji ya kuoshea vyombo. Lakini akili ikafunguka. Mtu akiogopa haondoki kwenye kiti, wala havunji sungusungu.

Na Jumamosi ni Halloween. Watoto watavaa kama mifupa na wachawi, wapite nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Hapa kila mtu amekua akiambiwa kwamba kuna wembe ndani ya pipi. Hakuna aliyewahi kuuona, ila kila mtu anamjua binamu wa mtu aliyeuona.

Nimeandika kwenye kundi la mtaa: sungusungu watakagua pipi zote bure, gereji kwangu. Ndani ya dakika tano akina mama tisa wameshukuru. Roberta kaweka picha ya ua.

Jumatano, 28 Oktoba

Kifaa kimefika! Kile cha kutambua chuma, wanachompitishia mtu mwilini uwanja wa ndege. Kimelia kwenye mkanda wangu. Kikalia kwenye goti la Lorna, lile lililowekwa chuma. Halafu kikalia kwenye shavu langu la kushoto, nikajua kina hitilafu kidogo. Nikakizaba kibao. Sasa kiko sawa.

Alhamisi, 29 Oktoba

Roberta katangaza kwamba atagawa tofi zake za kupika mwenyewe, kama kila mwaka. Nikaandika kwenye kundi kwamba simsemi mtu, nauliza tu, nani aliona zikipikwa?

Akaja mlangoni na aproni yake. "We Duane! Umezila miaka ishirini, leo zimekuwa sumu?" Nikamwambia asichukulie moyoni, ni mambo ya usalama. "Usalama wa cheo chako!" akasema, akageuka. Nilijisikia vibaya kwa dakika mbili hivi. Nilipopasuliwa ngiri ndiye aliyeniletea supu wiki nzima. Lakini uchaguzi ni uchaguzi.

Jumamosi, 31 Oktoba

Siku kubwa! Foleni hadi barabarani. Kifaa kimelia kwenye kila chokoleti, kumbe zile karatasi za kung'aa. Nikazikamata zote, sheria ni sheria. Mtoto mmoja aliyevaa mifupa kalia machozi. Kisha wachawi wawili. Baba mmoja kaniita jina ambalo siliandiki hapa.

Tofi za Roberta hazikulia hata moja. Nikazikamata vilevile. Ndoo nzima. Wageni walipokwisha, nikaona ni wajibu wangu kuzikagua kwa mdomo. Ya kwanza salama. Ya pili, salama. Tamu sana. Ya saba, ikalia ka!

Chuma! Kinang'aa, kikubwa kama punje ya hindi! Nilifurahi hata nikasahau kwamba shavu linauma. Nimewapigia watu wa televisheni. Wanakuja kesho na kamera.

Jumapili, 1 Novemba

Ukumbi umejaa pomoni. Nikakiinua kile chuma mbele ya kamera. Watu wakaguna. Roberta akasimama. Akasema sufuria hiyo ni ya mama yake, na bora afe yeye kuliko kumdhuru mtoto wa mtu. Machozi yakamtoka. Hakuna aliyemwangalia usoni. Hata jirani yake wa ukuta mmoja alisogeza kiti.

Nilikuwa nimeshinda. Mikono ilikuwa inaanza kupanda. Ndipo Dakta Osterhaus wa nyumba namba kumi na nne, daktari wa meno, akaomba akione. Akavaa miwani. Akakigeuza. Akasema kazi ya mikono yake anaijua.

"Duane, hebu fungua mdomo."

Nikafungua. Mbele ya kamera.

"Kushoto, nyuma kabisa. Chuma hiki ni kofia ya jino lako, nilikuvisha mwenyewe, bwana."

Roberta ndiye aliyeanza kucheka, machozi bado yanamtoka. Kisha ukumbi mzima. Kura: arobaini na moja wanavunja, mmoja anapinga, ambaye ni mimi. Lorna naye kanyoosha mkono na upande wa pili. Miaka thelathini na sita ya ndoa! Nilipomwuliza, akasema nimemliza mwanamke wa watu.

Habari za jioni: je, pipi za mwanao zina meno ya mtu mzima? Jibu baada ya matangazo. Lorna akangoja.

Jumanne, 3 Novemba

Bango limeng'olewa. Pipa limewekwa. Osterhaus kanirudishia kofia ya jino. Roberta kaleta bakuli la tofi na kikaratasi: "Tafuna upande wa kulia." Nimezila. Lakini sijatulia. Pipa lile ni refu mno, na bado halina udongo. Jambazi anaweza kujificha humo, na hakuna aliyefikiria!

Nikaenda kuhakikisha. Saa tisa na dakika kumi mchana nikaingia nikachuchumaa. Nikaenea wote, isipokuwa kofia ya kichwani. Nilikaa humo hadi miguu ikafa ganzi.

Kurudi nyumbani, kundi la mtaa linawaka moto! Roberta kapiga picha dirishani kwake: mtu kajificha ndani ya pipa, saa tisa na dakika kumi, kofia ya kijani. Mtaa wote umejifungia. Alhamisi kuna kikao cha dharura cha kurudisha sungusungu, Roberta awe mwenyekiti. Nilisema mimi!

Kinachonitia tumbo joto ni kwamba saa hiyohiyo nilikuwa palepale, na sikumwona mtu. Nimefunga milango yote. Kofia yangu ya kijani nimeificha chini ya godoro, watu wasije wakanifananisha naye.