Shemeji wa Karakana

Jumatatu, tarehe 4

Mungu mkubwa! Bosi wa karakana yetu ya samani anatafuta msimamizi. Tumebaki wawili: mimi wa randa, na Brashi, fundi wa vanishi, mtu wa kujipendekeza. Ila karata yangu Brashi hana. Jana bosi alikuja kwetu eti kuangalia mlango uliolegea. Mlango hakuugusa. Alimwangalia dada mkubwa mpaka chai ikapoa, mdogo wetu wa kike akacheka huko jikoni. Mama kanionya nisimwite shemeji kabla hajaleta posa. Mama naye!

Jumanne, tarehe 5

Nimemwita! Mbele ya mafundi wote: "Shemeji, habari za asubuhi?" Misumeno ikanyamaza. Brashi kajimwagia vanishi kwenye kiatu. Raha iliyoje! Bosi kaniita ofisini, jasho linamtoka, akauliza kwa sauti ndogo kama ina maana dada amekubali. Sasa ningesemaje? Nikamwambia amekubali zamani, anamsubiri yeye tu.

Jumatano, tarehe 6

Makubwa! Bosi katua kwetu na wajomba zake, suti zimewabana. Dada alikuwa anafua. Akauliza nani amekubali. Wote wakanigeukia. Nikakumbuka nina kazi ya haraka uani, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Niliomba dua zote ninazozijua. Dada akikataa, usimamizi hakuna, na pengine hata kazi hakuna. Mara vigelegele! Dada kasema bosi anamfaa, ila kaka yake hana akili. Hilo la pili sikulisikia vizuri.

Alhamisi, tarehe 7

Nilivaa shati jeupe la kupokelea cheo. Bosi kanikumbatia, kaniita shemeji mbele ya wote. Kifua kikanijaa. Kisha akasema: "Jina lako lilikuwa la kwanza. Lakini sasa wewe shemeji yangu, nikikupa watasema tunapeana vyeo kindugu."

Msimamizi ni Brashi. Brashi! Nimelia. Mama kanipa kitambaa cha vyombo nijifute.

Ijumaa, tarehe 8

Brashi kaanza na mimi: nifagie unga wa mbao, kona zote. Nikafagia huku roho inaniuma. Mchana mdogo wetu akaniletea chakula. Brashi alikuwa ananifokea. Alipomwona akasahau alichokuwa akisema. Akamsogezea kiti. Kumbe! Brashi hajaoa!

Mdogo wetu hata hakumtazama. Si kitu. Kesho nikifika tu, kabla hajavua koti, nitamwita shemeji.