Ukuta Ulionyooka kwenye Picha

Jumatatu, 3 Juni 2024
Tarime nzima inajenga! Dhahabu ya Nyamongo imegeuka matofali. Mzee Mniko, aliyebahatika machimboni, anataka nyumba za wapangaji hapa Turwa. Amemwambia Mwalimu Scholastica, anayetufundisha uashi kwa simu, kuwa msimamizi atatoka darasani kwetu. Kila mwanafunzi ajenge ukuta kwao, atume picha kabla ya Ijumaa jioni. Ulionyooka kuliko zote ndio utakaoshinda. Kazi hiyo ni yangu! Nimeshaanza kutembea kisimamizi, mikono nyuma. Mpinzani ni mmoja tu: jirani yangu Ashrafu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeanza ukuta, nyuma ya jiko la mama. Ashrafu ananing'iniza timazi, kile chuma cha kwenye kamba. Mambo ya babu zake! Mimi nimepakua programu ya pima maji kwenye simu, ya kuonyesha kama ukuta umenyooka. Naegemeza mgongo wa simu ukutani, inasema sawa. Betri imevimba kidogo huko mgongoni, lakini simu inasoma vizuri tu. Ashrafu amepita, akauliza kama ukuta wangu unasikia usingizi. Wivu huo.

Jumatano, 5 Juni
Mama amegoma kupika. Anasema ukuta unachungulia sufuria yake. Nimeutazama kwa mbali. Mungu wangu, umeinama kweli! Kubomoa? Hapana. Mwalimu anasubiri picha, hasubiri ukuta. Nimeinamisha simu mpaka ukuta ukanyooka. Nimetuma. Nimelala mchana kwa raha zangu.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Mwalimu kapiga mwenyewe. Kaitikia shikamoo yangu vizuri, kisha akauliza yule mama kwenye picha ana tatizo gani. Mama gani? Nikaangalia. Jirani yetu Mama Rhobi anapita na ndoo ya maji kichwani, ameegemea hewa kama mlevi, na maji hayamwagiki hata tone! Nikamweleza mwalimu kuwa Mama Rhobi ana mazoea. Hakucheka. Kasema niubomoe kabla haujaua mtu, na kesho nitume picha nyingine, la sivyo jina langu halifiki kwa Mzee Mniko. Nimeumia. Ukuta nimeusukuma kwa bega, ukaanguka wote bila ubishi. Mama kashangilia.

Ijumaa, 7 Juni
Somo nimelipata: usipige picha penye watu. Ashrafu alipokwenda swala ya Ijumaa, nikaingia uani kwao nikapiga picha ukuta wake. Hakuna mtu, hakuna ndoo. Nikatuma kwa jina langu.

Jioni mwalimu katangaza. Mzee Mniko amefika mwenyewe kwa kina Ashrafu, akauona ukuta, akampa usimamizi pale pale. Machozi yamenilenga, sifichi. Lakini kumbe kuna nafasi ya msaidizi! Picha zetu zote kapewa Ashrafu, akague, achague anayemtaka.

Nimefurahi mno. Ukuta niliotuma, Ashrafu hawezi kuupata na kosa hata moja.