Mafuta ya Kumzoesha Mjukuu

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu kalia tena! Nimemshika kidogo tu, kaangua kilio utadhani nimemfinya. Akachukuliwa na mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu. Kimoyomoyo namwita Jenerali. Mtoto kimya! Jenerali akasema nanuka spiriti ya kinyozi, ndiyo maana mtoto hanitaki. Mbele ya binti yangu! Kinyozi ndiyo, na mkasi huohuo ndio uliomsomesha huyo binti.

Jumapili Jenerali anawahamishia binti na mtoto kwake, mbali. Marehemu mke wangu hakujaaliwa kumpakata mtoto huyu. Nilitaka nimpakate kwa niaba yetu wawili.

Jumanne, 5 Machi

Wazo! Mtoto mchanga humjua mtu kwa harufu. Basi tunuke sawa, mimi na yeye. Nimechanganya saluni: mafuta ya mgando, mentholi, losheni ya baada ya kunyoa, na manukato ya marehemu, yaliyobaki chini ya chupa. Mkono ulisita. Nikamimina.

Usalama kwanza: nimemjaribishia fundi viatu shingoni, akiwa kitini pangu. Kasema raha mustarehe. Shingo yenyewe ngumu kama soli zake, lakini jaribio ni jaribio.

Jumatano, 6 Machi

Binti bafuni, Jenerali sokoni. Nikampaka mtoto mashavu, kifua, mikunjo ya shingo. Nami nikajipaka. Akanitazama. Hakulia! Nikampakata, nikambembeleza. Tangu nifiwe sijaonja furaha kama ile.

Mara vipele. Kifua kizima! Akalia mpaka sauti ikakauka. Binti akatoka mbio na povu kichwani. Nikasema pengine ni joto. Ole wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Zahanati. Nesi kamnusa mtoto, kaninusa mimi, kesi ikaisha. Kasema ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, hupitisha vitu upesi kuliko yetu. Manukato, spiriti, mentholi, vyote mwiko. Mentholi ingeweza hata kumbana pumzi! Aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, basi. Hata dawa za majani asipakwe bila kuuliza.

Nikamweleza kwamba ngozi ndiyo kazi yangu. Akajibu kazi yangu ni nywele. Jenerali akacheka. Mimi nililia, na sikuona haya.

Mlangoni binti akasema, Baba, usimguse tena mwanangu. Alisema taratibu. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 8 Machi

Vipele vinapungua, namshukuru Mungu. Nimeruhusiwa kumtazama kutoka mlangoni. Jenerali kaniletea kiti. Wema wake umeniuma kuliko kicheko chake.

Jumamosi, 9 Machi

Wanafunga mizigo. Binti kanikuta nimeshika kisoksi cha mtoto, macho yamenilowa. Akalainika. Kasema kesho kabla ya safari nitampakata, mara moja tu, ila nioge kwanza na nisijipake kitu chochote. Nimeapa.

Mara moja tu! Na akilia je? Ataondoka na kilio hicho, akirudi keshakuwa mkubwa, hanijui.

Nimewaza sana. Nesi alikataza manukato. Mwarobaini utafukuza harufu ya spiriti, nao unanuka vibaya, kwa hiyo si manukato. Alikataza majani asipakwe mtoto, na mimi si mtoto. Sufuria ya majani yake iko jikoni, inachemka. Nitajipaka mikononi tu, na kidogo kifuani, pale atakapolaza shavu.