Ombi la Kuondoa Mawe Ili Matairi Yangu Yapite

Shemeji na Mwenyekiti wa Chama cha Magari ya Rimoti ya Kupanda Mawe,

Salamu nyingi. Nakuandikia kama mwanachama, si kama mume wa dada yako, ingawa nyumbani nako sieleweki.

Jumamosi ulinipima matairi kwa rula mbele ya watu, ukanifuta kwenye fainali eti yana sentimita kumi na saba na mwisho ni kumi na mbili. Ukaongeza: "Jiwe halivukwi na tairi, shemeji. Linavukwa na dereva." Hilo limeniuma. Miaka mitatu sijavuka lile jiwe mnaloliita Mama Mkwe, na nilinunua matairi haya kwa ajili yake tu. Kwa heshima zote, ninalalamika hivi:

1. Vigingi vya geti, vile viwili ambavyo gari lazima lipite katikati yake, viko karibu mno. Mnanikata pointi kwa kuvigusa, wakati mimi nilikuwa napita zangu na vyenyewe vimesimama tu hapo njiani. Vitanuliwe.

2. Kona. Nikikata kona, matairi yanasugua bodi. Mimi ni fundi makochi, mkasi wa ngozi ninao, basi nikakata bodi, nikakata tena, hadi gari likabaki paa na kioo cha mbele. Bado halikati kona. Naomba njia yote inyooshwe.

3. Gari limekuwa refu kwenda juu, linabinuka kila mteremko. Nikajaza sponji ndani ya matairi, nimeichomoa kwenye kochi la mteja ambaye sitaki kumtaja kwa sababu bado anaulizia kochi lake. Sasa linadunda kwanza, halafu ndiyo linabinuka. Kubinuka kuhesabiwe kuwa kushuka, maana chini si linafika?

4. Mota imeungua mara mbili na gia zimekwisha meno, zote nikanunua upya. Fundi wa redio ananiambia matairi ni mazito. Huyo naye ni mtu wako, najua. Mlima upunguzwe.

5. Ukifuata mambo haya kwa utulivu, utaona chanzo cha matatizo yote ni mawe. Yaondolewe, tukianza na Mama Mkwe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi gari nimeshaliinua, kwa hiyo naomba kitanda ndicho kiinuliwe.

Nisalimie mkeo, watoto, mzee wa filimbi anayetuanzishia mashindano, na hata yule daktari wa meno aliyenicheka Jumamosi mpaka akakaa chini. Mwambie sina kinyongo, ila jino langu litamngojea daktari mwingine.

Ni mimi, mwanachama wako niliyefutwa bila kukosa,
Fundi Makochi

Nyongeza: Shemeji, kabla sijaifunga bahasha, dada yako aliomba kulijaribu gari. Nikampa, tukaenda kwenye mawe ya chama, nipate cha kucheka. Kumbe alisharudisha matairi yale madogo ya zamani. Amevuka Mama Mkwe mara ya kwanza, simu ikiwa begani, anaongea na mama yenu. Hata hakunitazama.

Basi mawe yaacheni yalivyo. Vigingi pia. Kwenye fainali andika jina lake, na chini yake, kwa herufi ndogo, niandike mimi: mbeba betri.