Chungu Kikubwa Kaburini kwa Mama

Jumatatu, 27 Oktoba

Bado hakuna ua. Hata moja! Siku tano kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, na krisantemu yangu kule bafuni ni majani matupu, yamenawiri mpaka yanagusa kioo. Tangu Agosti naimwagilia. Naiimbia. Usiku naiwashia taa isiogope giza. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Jumamosi kijiji kizima kitapita makaburini kuangalia nani kamletea nani nini. Mama alifariki Julai. Mimi nilikuwa kwenye mashindano ya uvuvi, simu imo ndani ya boksi la chambo. Dada yangu Odile alimshika mkono peke yake. Tangu siku hiyo watu wananisalimu nusu mdomo. Kwa hiyo chungu changu lazima kiwe kikubwa kuliko cha Odile. Nataka waone kwamba nilimpenda. Nilimpenda jamani.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimekwenda kwa Maryvonne, muuza maua. Nikauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema huyo rafiki yangu ni bwege: krisantemu haichanui mpaka ilale gizani, tena giza refu. Na vyungu vikubwa vyote vina wenyewe. Kisha akaniangalia kwa huruma, akaanza kusema kitu kuhusu Mama. Nikatoka. Sitaki huruma ya mtu aliyevaa aproni.

Nikapitia makaburini na utepe, kupima nafasi. Nusura nianguke. Juu ya kaburi la Mama kuna krisantemu ya manjano, pana kama gurudumu la baiskeli! Odile! Ameniwahi! Sijala chakula cha mchana. Jibini tu, na hiyo nayo kwa hasira.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimekichukua kile chungu. Si wizi, ni mali ya familia. Nimekipakia kwenye toroli, nikakifunika kwa koti. Mpango: kikae bafuni hadi Jumamosi, kisha nikipeleke kama changu. Safi kabisa.

Nafika kona, naona baiskeli ya Odile getini kwangu. Mungu wangu! Nikakitua chungu kwenye mlango wa kwanza niliouona, nikavaa koti, nikaingia kwangu napiga mluzi. Odile alikuwa kaniletea supu ya vitunguu. Akauliza mbona koti lina udongo. Nikasema nimeanguka. Akasema wewe umeanza kuanguka tangu utotoni.

Hapo ndipo tukasikia mayowe. Mlango ule ulikuwa wa Bibi Huguette, jirani yangu, miaka themanini na sita, mafua ya wiki nzima. Krisantemu mlangoni kwa mtu aliye hai! Hapa kwetu hata mtoto mchanga anajua hayo ni maua ya wafu. Ukimpelekea mzima, umemwambia huko wanakusubiri.

Alhamisi, 30 Oktoba

Bibi Huguette kaandika wosia upya. Anasema kuna mtu anaitamani nyumba yake. Nikajitolea kuitoa hiyo nuksi nikaitupe mbali. Akakikumbatia chungu: huu ni ushahidi! Kesho atakipeleka kwa Maryvonne, ajue nani alikiagiza. Nikasema kesho duka limefungwa. Akasema, duka la maua, siku moja kabla ya Watakatifu Wote? Wewe Firmin umeanza divai saa ngapi?

Sijatulia. Nimezunguka meza mara arobaini.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimekwenda mapema kumzuia. Nimechelewa. Foleni mpaka barabarani, Odile naye yumo, Bibi Huguette mbele kabisa na chungu kwenye kigari chake cha kutembelea. Maryvonne akapekua chini ya karatasi iliyozungushiwa chungu, akatoa kadi.

"Hiki ni cha Firmin," akasema.

Bibi Huguette alinichapa na mkate mrefu, mara mbili, ukavunjika. Nikaapa sikuagiza mimi! Maryvonne akasema ni kweli, sikuagiza mimi. Aliagiza mama yangu. Alikuja Juni, na fimbo yake, hana pumzi. Akaagiza chungu kikubwa kipelekwe kaburini kwake kila mwaka, kwa miaka kumi, na kadi kaziandika mwenyewe. "Mwanangu atasahau," alimwambia, "na watu watamsema. Sitaki wamseme."

Nikaisoma kadi. Mwandiko wake, ile F yenye mkia. Kutoka kwa Firmin, mwanao akupendaye.

Nililia katikati ya ndoo za maua, mbele ya foleni nzima. Odile akaniwekea mkono shingoni, naye analia. Nikamwuliza chungu chake kiko wapi. Akasema hana. Alimwogesha Mama miaka sita, na bado hajapata nguvu ya kulikabili lile kaburi. Na Mama hakumwagizia chochote. Maryvonne alisema Mama hakuona haja.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumekwenda pamoja. Mimi na toroli, Odile na kachungu kadogo ka maua ya waridi, Bibi Huguette nyuma akihakikisha krisantemu inafika kwa mwenyewe. Tukasimama. Odile akanishika mkono, akasema tuache kushindana sasa, Mama alitujua wote wawili.

Nikatafakari sana. Mama aliniagizia mimi. Miaka kumi! Odile hata chungu kimoja. Sasa kipenzi chake alikuwa nani?

Nikamwambia, kwa upole, asiumie. Akanipiga na mwavuli. Wivu huo.

Nimerudi nyumbani nimewasha taa bafuni. Mwakani changu kitakuwa kikubwa kuliko cha Mama.