Pipa la Walaji Plastiki

Jumatatu, 3 Machi

"Plastiki haiozi, ndugu zangu. Tutaizika, nayo itatuzika." Maneno ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka la dawa, mbele ya mtaa mzima. Uongo. Uongo uliovaa koti jeupe. Aliyesoma anajua kuwa wapo bakteria wanaokula plastiki kama sisi tunavyokula mkate. Nimesoma mwenyewe kwenye jarida. Nusu ya makala, maana nusu ya pili ilikuwa imechanwa, lakini nusu humtosha mwenye akili.

Tatizo ni mtaro wa nyuma ya nyumba zetu. Umezibwa na mifuko na chupa, na mvua ziko karibu. Nyumba yangu iko bondeni kuliko zote. Maji yakikosa njia, njia yao ni jikoni kwetu. Shemeji anataka Jumamosi tushinde tumeinama mtaroni, tukizoa kwa mikono. Kuinama! Mimi, ambaye wahariri wa magazeti wanauogopa mwandiko wangu!

Mke wangu aliuliza kama nina wazo bora au mgongo mbovu. Nikamjibu vyote viwili.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Pipa la bluu, nje, karibu na kamba ya nguo. Tope la jalalani, maana mla plastiki hukaa penye plastiki. Maji vuguvugu. Sukari yote ya nyumbani, ya kuwafungulia hamu. Kisha gunia zima la mifuko michafu.

Mke wangu amekunywa chai isiyo na sukari huku akinikodolea macho.

Mama mkwe, anayeishi nasi, alipita, akachungulia pipani, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakuniuliza kitu. Mimi naye tunaheshimiana: salamu asubuhi, salamu jioni, mengine yote hupitia kwa binti yake. Mkwe mwema ndivyo alivyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepigwa na butwaa. Nimefunua pipa asubuhi, mifuko imepungua. Nikakoroga kwa mti. Imepungua kweli. Nikaketi juu ya ndoo, nikaanza kuhesabu iliyobaki. Nakiri hapa tu, ambapo shemeji hasomi: hata mimi sikuamini kama ingewezekana.

Alhamisi, 6 Machi

Zaidi ya nusu imekwisha. Walaji hawa wana adabu kuliko watoto wa shemeji, hawaachi makombo.

Jambo moja linanitatiza. Pale kwenye pipa pananukia sabuni. Nimehitimisha kuwa plastiki ikisagwa tumboni mwa bakteria hutoa sabuni. Sayansi haiishiwi maajabu.

Mama mkwe ameshona mito ya viti vya sebuleni. Minene, inachakacha ukiikalia. Nimemshukuru kupitia kwa mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Kikao cha mtaa kimefanyika ukingoni mwa mtaro, kwa ombi langu. Nikapindua pipa mbele ya macho yao. Tope likamwagika. Mfuko hata mmoja haukutoka. Watu wakashika vinywa.

Shemeji akasema mvua haisubiri vijidudu, na kwamba anavyonijua, hata chumvi sijawahi kuiyeyusha. Wakacheka. Nikawaacha wacheke, halafu nikauliza ni nani hapa anayependa kuinama. Kazi ya Jumamosi ikafutwa kwa kunyoosha mikono. Tope limeshaingia mtaroni, walaji wamo humo, watakula wenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mtaro uko vilevile. Mfuko mwekundu uliokuwa juu bado uko juu. Labda wameshiba.

Alasiri shemeji akaja kumjulia hali mama yake. Nikamkalisha kwenye kiti changu, aonje raha ya mshindi. Mto ukachakacha. Akainuka, akakaa tena. Ukachakacha. Akapenyeza vidole kwenye mshono, akavuta mfuko. Mweupe, safi, umekunjwa. Akavuta mwingine. Akaendelea taratibu, kama mtu anayenyonyoa kuku, na mimi nimesimama na birika mkononi.

Mama mkwe akaitwa. Hakunitazama. Akamwambia binti yake anifikishie kuwa yeye si mwizi. Ameniona nimeloweka, jioni imefika sijafua, usiku umeingia sijafua. Mtu akiloweka akasahau, mwingine si humalizia? Ndipo akawa anaamka alfajiri kunifulia, anisitiri nisiaibike kwa majirani.

Mke wangu akakimbilia jikoni, mabega yanamtikisika. Sijui kilio, sijui kicheko. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alitazama mawingu dirishani, akasema Jumamosi imeshapita.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Naandika nikiwa juu ya meza. Maji yameingia jikoni saa nane mchana bila hodi, yakabeba sufuria, yakapita sebuleni. Unga wote umelowa. Mke wangu anachota na kumwaga. Nje, shemeji amekunja suruali, yeye na nusu ya mtaa wameinama mtaroni kwenye mvua, wanang'oa mifuko kwa mikono.

Mito ya mama mkwe inaelea kama bata. Hata mmoja haujazama.

Jumanne, 11 Machi

Maji yametoka. Nimetafakari, na nashangaa kuwa hakuna mwingine aliyeuona ukweli. Bakteria wangu hawakushindwa. Waliporwa chakula midomoni! Na ile sabuni, bila shaka, ndiyo iliyowamaliza.

Kwa hiyo tangazo hili nalibandika leo kwenye mlango wa duka la dawa. Majirani, mifuko mliyoizoa jana mtaroni, irudisheni kwangu. Yote. Nina pipa jipya, lina kufuli. Mwenye sukari alete, kwangu imekwisha. Na wewe mama mkwe, kwa heshima zote, na kupitia kwa binti yako: nikiloweka, usifue.